Barua ya wazi: Jaketi linamweka mtu juu ya maji, halisemi yuko wapi

Kwa: Waheshimiwa mawaziri mnaosimamia uchukuzi na uvuvi, Bara na Zanzibar, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM), Polisi Wanamaji, na wakuu wa bandari na madiko (fukwe wanakoshukia wavuvi na samaki wao).

YAH: MAANDALIZI YA DHARURA NA UOKOAJI KWA VYOMBO VINAVYOTOKA NJE YA MIAMBA

Waheshimiwa,

Mkaguzi anapopanda chombo, kazi yake kubwa ni kuhesabu. Majaketi okozi 60, maboya ya kurusha 4, vizima moto 3, fataki za ishara 6, cheti hiki, cheti kile. Vikitimia, muhuri unapigwa. Swali ambalo mara nyingi haliulizwi ni hili: chombo hiki kikianza kuingia maji saa 7 usiku, maili 12 kutoka pwani, nani atajua, kwa kifaa gani, na baada ya dakika ngapi?

Tunaowaandikia ni manahodha, mafundi wa redio za baharini na wakufunzi wa uokoaji wa pwani hii. Hatuna ugomvi na wakaguzi, wao hukagua walichoagizwa. Tunachoomba ni maagizo yenyewe yageuzwe: yaanze na namna chombo kitakavyoita na kitakavyotafutwa, ndipo yaje kwenye kuhesabu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama nje ya Nungwi ikielekea Pemba. Tume ya uchunguzi ilikuta waliokuwamo ni zaidi ya mara 3 ya idadi iliyoruhusiwa. Wapo waliopona kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa shehena, na wavuvi walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwaokota. Miezi 10 baadaye, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe katika upepo wa kusi, chombo kilichojengwa Marekani kwa ajili ya maji yaliyokingwa. Kuhusu kupakia kupita kiasi yameshasemwa mengi na hatuyarudii. Lililosemwa kidogo ni hesabu ya bahari yenyewe.

Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi likikaza, Juni hadi Agosti, ndipo unapokimbia zaidi. Chukueni mwendo wa maili 3 za bahari kwa saa, ambao kwa mlango wa Pemba, yaani maji yaliyo kati ya Pemba na Bara, si wa ajabu. Mtu aliyeanguka saa 7 usiku, alfajiri saa 11 yuko maili 12 kaskazini ya alipoangukia. Anayemfuata mahali alipozama anatafuta maji matupu.

Sasa ongezeni kutojua. Ikiwa hatuna uhakika wa mahali kwa maili 5 kila upande, tuna duara la maili za mraba 78. Kutojua kukiwa maili 10, duara ni 314. Kukiwa maili 20, ni zaidi ya 1,250. Boti ya uokoaji inayokwenda maili 10 kwa saa, ikiwa mabaharia wake wanaweza kuona kitu majini robo maili kulia na robo maili kushoto (na hiyo ni kuwapendelea, maana kichwa cha mtu kwenye mawimbi ya mita 1 hakionekani hata hapo), inafagia maili za mraba 5 kwa saa. Duara la kwanza litaichukua saa 16. La pili, saa 63. La tatu ni siku 10 usiku na mchana bila kusimama, na wakati huo wote duara linazidi kupanuka. Mkinunua boti ya pili mnagawa kwa mbili tu. Mkipunguza kutojua kutoka maili 10 hadi maili 1, mmegawa kwa 100. Ndiyo maana kila ombi letu hapa chini linahusu kujua mapema na kujua mahali, na la kununua boti kubwa tumeliacha.

Tuanze na kitoa ishara cha setilaiti, kile mabaharia wanachokiita EPIRB. Kinatuma kwa masafa ya megahezi 406, setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat zinakipokea, na chenye GPS ndani kinatoa mahali kwa kukosea mita 100 hivi. Hata kisicho na GPS kinakupeleka ndani ya kilomita 5. Vile vya zamani vya megahezi 121.5 peke yake setilaiti ziliacha kuvisikiliza tangu tarehe 1 Februari 2009. Kikikutwa chomboni leo ni pambo, na kiandikwe hivyo kwenye ripoti ya ukaguzi.

Lakini hata cha 406 kinaweza kuwa pambo, na hapa wakaguzi wanahitaji kusaidiwa. Ndani ya ishara yake kuna namba ya nchi: 674 au 677 ni Tanzania, 634 ni Kenya. Chombo kilichonunuliwa mkono wa pili kutoka nje huja na kifaa chake kikiwa bado na namba ya nchi ya zamani. Siku kikilia, taarifa za usajili zinatafutwa kwenye nchi hiyo, afisa wa huko anampigia mmiliki wa zamani, naye anajibu kwamba chombo alishakiuza. Saa zinapita watu wakiwa majini. Kubadili namba ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kuprogramu, haizidi siku moja. Baada ya hapo kifaa kisajiliwe kwa namba yake ya herufi na tarakimu 15 iliyoko kwenye lebo, pamoja na simu za watu wawili walioko nchi kavu wanaojua safari za chombo. Tafadhali, isiwe simu ya nahodha. Nahodha ndiye anayezama.

Mkaguzi asome lebo, ailinganishe na daftari la usajili, kisha apige moja ya simu hizo akiwa hapohapo juu ya chombo. Dakika 3. Isipopokelewa, chombo hakijasajiliwa, hata kama karatasi inasema kimesajiliwa.

Mambo mengine ya kifaa hiki ni madogo lakini yanaua. Betri ina tarehe yake ya mwisho juu ya kasha. Kitufe cha kujaribu kibonyezwe mara moja kwa mwezi, si kila wiki, kwa sababu kila jaribio linakula betri. Kikishawashwa kikae wima, antena juu, chini ya anga wazi. Wapo wanaokikumbatia chini ya turubai wakidhani wanakilinda. Kamba yake ifungwe kwenye chelezo cha uokozi au kwa mtu, kamwe isifungwe kwenye chombo, maana chombo kikienda chini kinakwenda nacho. Na kikilia kwa bahati mbaya, kukizima kimyakimya ni kosa. Piga simu kituo cha uokoaji useme ni bahati mbaya. Tunaomba mtangaze wazi kwamba anayepiga simu hiyo hatozwi faini, kwa kuwa hofu ya faini inawafanya watu wakizime na kunyamaza, na kituo kinabaki kutafuta chombo ambacho kimefunga gati.

Redio ya VHF, ile ya kuzungumza chombo kwa chombo na chombo kwa pwani, ndiyo inayotuumiza kichwa kuliko vyote, kwa sababu karibu kila chombo cha abiria kinayo na bado mara nyingi haisikiki. Sheria ya kwanza ni urefu wa antena. Mawimbi ya VHF yanakwenda kwa mnyoofu, hayapindi na mgongo wa dunia. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 2.2, unapata maili. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, jumlisha. Mvuvi aliyeshika redio ya mkononi mita 1 juu ya maji, akimwita mwenzake aliye vilevile, wanasikizana maili 4 na kidogo. Akiita kituo chenye mnara wa mita 49, karibu maili 18. Ikiwa antena yake iko juu ya mlingoti wa mita 9, maili 22. Kwa hiyo mnara mrefu ufukweni unasaidia maelfu ya boti kwa mpigo mmoja, na tunaomba ramani ya maeneo ambayo chaneli ya 16, ile ya miito ya dharura, haifiki itolewe hadharani. Baharia akijua kwamba nje ya mwamba fulani hasikiki, atajipanga.

Sheria ya pili ni umeme. Redio ya kufunga chomboni inapotuma kwa wati 25 inavuta ampia 5 hadi 6, na inaposikiliza tu haivuti hata ampia 1. Kwa hiyo betri iliyochoka itakusikilizisha mazungumzo siku nzima, taa inawaka, kila mtu anaamini redio ni nzima; ukibonyeza kusema, volti zinaporomoka na hakuna kinachotoka. Jaribio la kweli ni kubana kitufe cha kusema kwa nguvu kamili, kwenye chaneli ya kazi na si ya 16, huku mita ya volti imeshikwa kwenye nguzo za betri. Zikishuka chini ya volti 11, betri au waya hazifai.

Halafu fungueni kiungo cha waya wa antena nyuma ya redio. Kizungusheni, mkivute, mkitazame kwenye mwanga. Kikiwa kizima, shaba inang'aa kama kishikizo kipya. Pwani hii, kwa chombo kilichokaa miaka miwili bila kuguswa, mtakuta unga wa kijani umeota kuzunguka pini, na mkikata sentimita 10 za waya, nyuzi za ndani ni nyeusi kama zilizoungua. Hiyo ni chumvi, imenyonywa na waya kama utambi unavyonyonya mafuta. Nguvu ya wati 25 inaishia humo. Dawa ni kiungo kipya, waya ukatwe hadi shaba safi, kisha utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe uzungushwe kutoka chini kwenda juu ili maji yateleze. Ni kazi ya nusu saa kwa vifaa visivyofika bei ya ndoo ya dagaa.

Betri ya redio, tena, isikae chumba cha mashine. Maji huingia huko kwanza. Betri iliyo kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, inazama kabla nahodha hajaamua kuita. Iwekwe juu, karibu na usukani, hata ikiwa ndogo, ya redio na taa moja tu.

Redio za siku hizi zina kitufe chekundu chini ya kifuniko: ukikibana kwa sekunde 5 hivi, redio inatuma yenyewe kupitia chaneli ya 70 namba ya chombo na mahali kilipo. Kitufe hicho hakifanyi kazi mpaka redio ipewe namba ya MMSI, yaani namba ya utambulisho wa chombo, na hakitumi chenyewe mahali mpaka redio iwe na GPS au iunganishwe nayo. Redio inayouzwa dukani haina namba. Inafungwa, inawashwa, inazungumza vizuri, na kitufe chekundu ni kiini macho. Tunaomba utoaji wa namba hizi uwe wa siku moja, kwenye kila bandari, bila ada kwa boti zisizofika mita 12, na mwenye chombo asilazimike kusafiri kuifuata mjini.

Pembeni mwa kila redio pawe na kadi ya plastiki yenye maneno ya kuita kwa Kiswahili. Mtu aliyeshikwa na hofu huanza kusimulia kilichotokea, na redio inakatika kabla hajasema alipo. Mahali ndipo patangulie: "MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY. Hapa ni boti (jina, mara tatu). MAYDAY, boti (jina). Tuko maili 8 kaskazini mashariki ya mnara wa taa wa Nungwi. Tunaingia maji. Watu 43, watoto 7. Tunaingia kwenye chelezo. Nasubiri jibu." Kisha rudia bila kubadilisha. Nasi tunaomba wapokeaji wa pande zote mbili za Muungano waelekezwe kupokea mwito kwa Kiswahili bila kumtaka mtu aurudie kwa Kiingereza.

Chelezo cha uokozi, kile cha kujaa hewa kilichomo ndani ya lile pipa jeupe la faiba juu ya paa la boti, kina makosa matatu ambayo mkaguzi anaweza kuyaona akiwa amesimama tu. La kwanza ni shehena juu yake: magunia, baiskeli, makreti ya soda. La pili ni rangi. Kifyatuo kinachokishikilia hufunguka chenyewe kwa shinikizo la maji chombo kikifika kina cha mita 1.5 hadi 4, kisu cha ndani kinakata kamba na pipa linaelea juu. Mabaharia wanaposafisha boti kabla ya Idi au ukaguzi, hukipaka rangi pamoja na ukuta, tundu za maji zinaziba. Kifyatuo hicho kina maisha ya miaka 2 na mwezi wake wa mwisho huwekwa alama. La tatu ndilo baya kuliko yote: kamba ya chelezo kufungwa moja kwa moja kwenye chuma cha sitaha badala ya kupitia kile kitanzi chepesi kinachotakiwa kukatika. Chombo kikizama, kamba inavutika, chelezo kinajaa hewa, halafu hakiachiwi, kinakokotwa chini na chombo.

Chelezo hutakiwa kufunguliwa na kukaguliwa na kituo chenye idhini kila miezi 12. Cheti chenye tarehe ya mwaka huu juu ya pipa ambalo mikanda na mihuri yake imepauka kwa jua la miaka mitano kinajieleza chenyewe. Tunaomba kila mwaka, kwa kila chombo cha abiria, chelezo kimoja kinachokaribia kufunguliwa kituoni kivutwe mbele ya mabaharia walewale, majini, ili wajue kwamba kamba huvutwa yote, mita 10 na zaidi, kisha hutikiswa kwa nguvu. Wengi hudhani kimeharibika kwa sababu walivuta mita 3 wakaacha. Na wajifunze kukigeuza kikifunguka kichwa chini: chupa ya gesi iwe upande upepo unakokwenda, mtu apande juu ya chupa akiutazama upepo, ashike mkanda wa chini, ajilaze nyuma. Upepo unamsaidia.

Majaketi. Yawe ya kutosha, hilo mnalijua. Lakini jaketi la nguvu ya kuelea ya nyutoni 50 ni la mtu anayejua kuogelea aliye karibu na ufukwe, halimgeuzi aliyezimia. La safari ya kukata bahari liwe la 150. Mkaguzi achague moja bila kutangaza, baharia alivae, aruke majini, alale kifudifudi na kulegea. Lisipomgeuza uso juu ndani ya sekunde 5, limeliwa na jua au ni bandia. Kanuni za kimataifa zinataka majaketi ya watoto yasipungue asilimia 10 ya idadi ya abiria, na ya watoto wachanga asilimia 2.5. Kwenye vyombo vyetu, msimu wa sikukuu, watoto huzidi hapo, na kila mtoto lazima awe na lake.

Kuna jambo hapa ambalo hatulioni kwenye mafunzo yaliyoandikwa ng'ambo. Mama wa pwani hubeba mtoto mgongoni kwa kanga. Dharura ikitangazwa, anavaa jaketi juu ya kila kitu, mtoto akiwa humo humo. Kazi ya jaketi ni kumlaza mtu chali. Likimlaza mama chali, mtoto yuko chini ya maji. Hana mkono wa kumtoa, maana fundo la kanga liko kifuani na jaketi limelibana. Tangazo la usalama kwenye kila boti litamke hivi, kwa Kiswahili, kabla ya kung'oa nanga: mtoto ashuke mgongoni, avae lake, ashikwe mbele. Na liseme pia kwamba ndani ya chumba chenye paa jaketi linashikwa mkononi, linavaliwa mlangoni. Boti ikipinduka, aliyelivaa ndani anasukumwa kwenye paa na hawezi kuzamia mlango.

Sasa wavuvi, ambao ndio wengi na ndio wenye vifaa vichache. Wanaotafutwa mara nyingi hawakuzama. Mashine imezima, mkondo umewachukua. Maji kwenye petroli, plagi imelowa, impela ya pampu ya maji ya kupozea mashine imekatika. Mfuko wa boti inayotoka nje ya miamba uwe na plagi 2 mpya na spana yake, impela 1, kamba ya kuwashia, chujio la mafuta, koleo na waya wa chuma. Mafuta yagawiwe kwa tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Kaskazi likivuma dhidi ya mkondo, mawimbi yanakuwa mafupi na yaliyosimama, na kurudi kunakula mafuta kuliko kwenda. Anayegawa kwa mbili anaishiwa akiwa anaiona nchi kavu. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, boti ya mita 7 haitoki, na diko liwe na mtu mwenye jukumu la kupandisha bendera. Ujumbe wa simu kumfikia mwenye boti aliyelala mjini hautoshi.

Nanga ya kawaida haifiki chini katika kina cha mlango wa Pemba. Kwa hiyo boti iwe na nanga ya kuelea: mfuko wa turubai wenye mdomo wa upana wa mita 1, au kwa mashua, foromali (mti unaobeba tanga) na tanga lake likishushwa mbele kwa kamba ya mita 30 hadi 50. Omo, yaani mbele ya boti, inaelekea mawimbi, mrama unapungua, na mwendo wa kuchukuliwa na upepo unashuka sana. Kila maili isiyopotezwa hapo ni duara dogo zaidi kwa anayetafuta.

Maji ya kunywa yasipungue lita 3 kwa mtu kwa siku 2 za akiba, kwenye madumu yaliyofungwa kwa kamba. Dumu lisijazwe hadi mdomo. Likibaki na nafasi ya sehemu 1 ya 10, linaelea vizuri likianguka. Fataki za mwavuli hupanda mita 300 na kuwaka sekunde 40, za mkononi hukaa dakika 1, zote huchoka baada ya miaka 3; zisiwashwe mpaka uone chombo au usikie injini ya ndege. Kioo cha kunyolea kikipata jua ni kizuri kuliko wengi wanavyofikiri.

Kinachotakiwa kwa mvuvi zaidi ya hayo ni kitoa ishara kidogo cha mtu binafsi, PLB. Kina betri ya saa 24 na kinaingia kwenye mfuko wa shati. Bei ya mashine moja mpya ya nguvu ya farasi 15 inanunua vitano. Hatuombi kila mvuvi anunue. Diko liwe navyo 10, bwana diko avigawe jioni na kuvipokea asubuhi kama vinavyogawiwa vyandarua zahanati, kwa jina na sahihi, na vyote visajiliwe kwa simu ya diko. Tunaomba pia vitajwe kwa jina, pamoja na redio za VHF na majaketi, katika orodha ya bidhaa zisizotozwa ushuru wala kodi ya ongezeko la thamani, ili afisa forodha asipate shaka.

Pamoja navyo, daftari la safari. Jina la boti, rangi yake ndani na nje (kutoka angani rangi ya ndani ndiyo inayoonekana), idadi ya watu, wanakokwenda kuvua, saa ya kurudi, simu mbili. Boti ya dagaa iliyotarajiwa saa 12 asubuhi, ikifika saa 2 haijaonekana wala haipatikani, bwana diko anapiga simu kituo cha uokoaji papo hapo. Hamwombi mwenye boti ruhusa. Hasubiri saa 10 jioni kwa kuona haya. Mwenye boti huogopa kuulizwa leseni, familia huogopa mkosi wa kulia mapema, na muda wa saa 8 unaopotea hivyo ni maili 24 za mkondo.

Wavuvi wengine ndio hufika kwanza, na mtu aliyeacha nyavu zake akachoma lita 60 za petroli kuokoa jirani hapaswi kwenda kuomba fidia kwa barua ya miezi sita. Kila wilaya ya pwani iwe na mfuko mdogo wa mafuta ya uokoaji, bwana diko athibitishe, malipo yatoke ndani ya siku 7 kwa simu. Kwa kiasi cha fedha hatuoni ombi jepesi kuliko hili, na kwa dakika zitakazookolewa hatuoni lenye faida zaidi.

Mkondo hauna pasipoti. Boti iliyopotea Tanga au Wete inaweza kuvuka mpaka kabla ya magharibi. Kituo cha kanda cha uratibu wa utafutaji na uokoaji kiko Mombasa tangu 2006, chini ya mkataba wa kimataifa wa 1979, na maji yetu yamo ndani ya eneo lake. Utaratibu wa kukabidhiana utafutaji uwe ni simu moja kutoka kwa afisa wa zamu. Ruhusa ya wizara ije nyuma yake, kwa maandishi, siku ya pili.

Mwisho tunaomba zoezi. Lisiwe la mchana, lenye mahema na vyombo vya habari. Wiki yoyote ya mwezi ambao kusi limekaza, bila kutangaza, boti moja itoke usiku na sanamu 3 zilizovaa majaketi, izitupe maili 8 nje ya Nungwi saa 8 usiku, kisha redio ya mkononi iite mara moja na kunyamaza. Ziandikwe nyakati nne: mwito ulipopokelewa, boti ya kwanza ilipong'oa nanga, ilipofika eneo, na sanamu ya tatu ilipookotwa. Mwezi unaofuata lirudiwe nje ya Tanga, kisha Mafia, kisha Mtwara. Namba hizo zibandikwe kwenye ubao wa kila gati, pale pale nauli zinapobandikwa.

Wenu,

Manahodha, mafundi wa redio na wakufunzi wa uokoaji, Unguja, Pemba na Tanga